Maandishi kwenye Chaga

Mpaka leo honi ya treni ikilia usiku, mguu wangu wa kulia hushuka wenyewe kitandani kutafuta kandambili. Mume wangu keshazoea. Hunishika bega na kuniambia, "Lala, mama, hapa hakuna foleni ya maji." Nalala. Lakini usingizi ukishakatika hivyo mawazo hunirudisha kule kule, bweni la masista nje kidogo ya mji wa Tabora, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, chini.

Shule sitaitaja. Waliosoma pale wataitambua, na ambao hawakusoma pale jina halitawaongezea kitu. Niliingia kidato cha kwanza Januari 1997 nikiwa na miaka 14, nikatoka Novemba 2000 baada ya mtihani wa kidato cha nne. Bweni letu lilikuwa na vitanda 32 vya deka, wasichana 64 chini ya bati moja. Nimekaa na majirani mtaa mmoja miaka 15 na siwajui kama ninavyowajua wale 63. Najua nani alikuwa anasaga meno. Najua nani alikuwa anaongea na marehemu baba yake usingizini, na sote tulikubaliana bila kikao kwamba asubuhi hatumwambii.

Kwetu ni Kigoma, Mwanga. Mama yangu aliuza mawese na dagaa sokoni. Yeye alisoma miaka ya 70, wakati shule za misheni zilikuwa zimeshataifishwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969, kwa hiyo masista wa kufundisha aliwasikia tu kwa bibi, ambaye misheni ndiko alikojulia kusoma na kushona. Bibi hadi anakufa alikuwa anakunja nguo kwa namna moja tu, pindo kwa pindo, na ukimuuliza anasema ndivyo Sista alivyotaka. Miaka ya 90 sekondari za kanisa zilipoanza kuongezeka tena, mama aliapa kwamba mwanawe wa kike atasoma kwa masista. Ada yangu ilitoka kwenye madumu ya mawese. Ukimwona mtu ana mikono ya rangi ya chungwa isiyotoka kwa sabuni, huyo ni mama yangu.

Treni iliondoka Kigoma jioni. Stesheni ile iko mwisho kabisa wa reli, ziwa liko pale pale chini, na ukiwa mtoto unaona kama dunia nzima inaanzia hapo kwenda mashariki. Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini njia yenyewe ni ya zamani kuliko wao. Babu zake bibi waliitembea kwa miguu kutoka Ujiji, wamebeba pembe za ndovu za watu wengine, na wapo walioitembea wakiwa wamefungwa wenyewe. Bibi alinieleza hayo usiku wa kuamkia safari yangu ya kwanza, tukiwa tunapanga vitu kwenye tranka, kisha akasema, "Wewe unakwenda umekaa." Hakuongeza kitu.

Tulikuwa wasichana kama tisa wa Kigoma, tunabanana behewa moja la daraja la tatu, sketi za shule zimekunjwa kwenye mifuko ili zisichafuke. Uvinza tunafika giza limeshaingia. Pale mama alikuwa amenipa agizo: ninunue chumvi, kwa sababu chumvi ya Uvinza ndiyo chumvi, nyingine ni mchanga mweupe. Malagarasi unaijua kwa sauti, magurudumu yanabadilisha mlio darajani. Nguruka, Usinge, usingizi unakuja na kwenda, shingo inauma. Kukicha tuko Kaliua au Urambo, msitu wa miombo pande zote mbili, na wamama wanakimbia pembeni ya behewa na asali ndani ya chupa za bia. Harufu ya asali ile inachanganyika na ya moshi wa kuni na ya watu waliolala wameketi. Hiyo ndiyo harufu ya kufungua shule. Siku za kwanza za muhula kila kitu nilichokula kilikuwa na ladha hiyo.

Bweni lenyewe lilikuwa refu na jembamba, sakafu ya saruji nyekundu tuliyoisugua kwa nta na gunia kila Jumamosi mpaka ukiinama unajiona uso. Madirisha yapo juu, unaona mbingu tu na ncha za miembe. Tranka moja kila mtu, chini ya kitanda, kufuli nje. Mtu hana mlango wake, hana ukuta wake, hana hata msumari wake wa kutundikia nguo. Ana lile sanduku la bati tu. Kwa hiyo tranka lilikuwa linaheshimika kuliko kitu chochote. Unaweza kuazima sabuni ya mwenzio, kopo lake, hata sketi yake, lakini tranka likiwa wazi unageuza uso. Sheria hiyo hakuna Sista aliyetufundisha.

Nyingine walitufundisha. Hakuna kulala kitanda cha mwenzio wala kukikalia. Hakuna chakula bwenini. Hakuna Kiswahili Jumatatu hadi Ijumaa, na Kiha au Kinyamwezi ndiyo kabisa, unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwingine. Ikifika silensi, hakuna sauti ya mtu. Saa 10 na nusu alfajiri kengele, kuoga, Misa, uji, darasani. Jioni rozari mwezi wa 5 na wa 10, Njia ya Msalaba Ijumaa za Kwaresima, prepo mpaka saa 4 usiku. Ukikutana na Sista njiani unasimama, "Tumsifu Yesu Kristo," naye "Milele, amina." Miaka 25 imepita na nikiona shela kwenye daladala midomo inaanza yenyewe.

Na maji. Bomba moja kwa mabweni matatu, na kiangazi cha Tabora si mchezo. Kuanzia Agosti bomba linatoa uzi, siyo maji. Aliyesubiri kengele alikuta ndoo 40 mbele yake. Aliyeamka na honi ya treni, kabla ya kengele, alikuta tano au sita. Ndiyo maana mguu wangu unashuka.

Sasa niwaeleze juu ya Wa Juu.

Siku ya kwanza nilikuta kitanda cha chini ndicho cha kwangu, na juu yake kuna msichana mrefu, mwembamba, ameshatandika shuka bila kunyanzi hata moja. Wazazi wake walilima tumbaku upande wa Urambo. Nikamsalimia kwa Kiha, kwa woga tu, neno lililonitoka mdomoni: "Mwakeye." Akanitazama, akacheka, akajibu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka." Tulikuwa tumeshavunja sheria na hata viatu hatujavua. Kuanzia siku hiyo mimi nilikuwa Wa Chini na yeye Wa Juu, na majina yetu halisi tuliyaacha kwa walimu.

Usiku baada ya silensi alikuwa anagonga chuma cha kitanda kwa ukucha, mara mbili, taratibu, halafu anauliza kwa sauti ambayo hata jirani hasikii: "Wa Chini, umelala?" Nami najibu, "Bado." Hapo ndipo maongezi yanaanza. Tuliongea nini? Kila kitu. Baba yake anavyokesha kwenye bani wakati wa kukausha tumbaku, anaongeza kuni usiku mzima kwa sababu moto ukizimika mavuno ya mwaka yameoza. Ziwa likoje, kwa sababu hakuwahi kuliona. Aliniuliza kama kweli ng'ambo huoni mwisho, nikamwambia Kongo unaiona siku hewa ikiwa safi, milima tu ya bluu, na akanyamaza muda mrefu akiifikiria. Matroni alikuwa na hatua nyepesi, lakini Sista mlezi tulimsikia kutoka mbali: rozari yake kiunoni ilikuwa inagongana na funguo.

Wa Juu alikuwa na kichwa cha hesabu ambacho sijakiona tena. Mimi hesabu zilinishinda kabisa. Darasani naelewa, nikitoka mlangoni zimebaki ndani. Kidato cha pili tulipokaribia mtihani wa taifa alinionea huruma. Akasema shida yako si akili, huzioni mara nyingi vya kutosha. Tutakuwekea mahali utakapoziona kila siku hata kama hutaki.

Mahali penyewe palikuwa chaga za kitanda chake. Nikilala chali, mbao zile zilikuwa juu ya uso wangu, mkono mmoja tu. Zilikuwa za mninga, zimetengenezwa karakana ya misheni zamani, nyekundu iliyokolea, na kalamu haikuonekana juu yake. Kwa hiyo alitumia bikari. Jumamosi wenzetu wakiwa wanafua, yeye alilala chali kwenye kitanda changu (hiyo nayo ni sheria imevunjwa) akachimba herufi moja moja kwa ncha ya bikari, vumbi la mbao linamwangukia machoni, anapangusa, anaendelea. Akimaliza mstari anachukua chaki, anaisugua juu ya mbao yote, halafu anafuta kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo tu. Herufi nyeupe kwenye mbao nyekundu, nyembamba kama uzi, na hata taa ya koridoni ilitosha kuzisoma.

Alianza na Pythagoras. Kisha eneo la duara. Kidato cha tatu akaongeza fomula ya milinganyo ya kipeo cha pili, ndefu kuliko zote, ikachukua chaga mbili: juu ya mstari kwenye chaga ya kwanza, na ule mstari wenyewe aliuchora ukingoni kabisa, na chini yake, ng'ambo ya upenyo, kwenye chaga ya pili, 2a. Matroni hakuziona kamwe. Ili azione ingebidi alale kitandani kwangu.

Mengine nitayapita haraka. Chakula kilikuwa makande na ugali wa maharage, wali Jumapili, na hakuna aliyekufa. Mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998, zilitoboa bati sehemu saba na tulilala tumezungukwa na ndoo, kila moja na sauti yake. Maembe mabichi tuliyala kwa ile chumvi ya Uvinza, nyuma ya choo, mpaka meno yanakufa ganzi.

Lakini Ramadhani ya 1998 siwezi kuipita. Shule ilikuwa ya Kikatoliki ila wasichana wa Kiislamu walikuwepo, na itakosaje, Tabora na Ujiji ni miji ya Waislamu tangu enzi za misafara. Bwenini kwetu walikuwa sita. Tulipofungua shule Januari mwezi ulikuwa katikati, mvua inanyesha usiku kucha, na ratiba ya jikoni haikuwajua: chakula cha jioni kilikuwa kabla jua halijazama na uji ulitoka baada ya Misa. Usiku wa pili Sista mlezi akaingia na kurunzi, rozari na funguo zinagongana, akaenda kitanda kwa kitanda akiwaamsha wale sita kwa mkono begani. Jikoni alikuwa amewawekea uji kwenye chupa za chai na viporo vya ugali vilivyopashwa moto. Alifanya hivyo kila usiku mpaka Idi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamka, hakumtuma kiranja. Rafiki yangu mmoja wa Ujiji aliniambia hajawahi kula daku tamu kama ile, na ilikuwa uji wa chumvi.

Namweleza Sista huyu kwa sababu nampenda mpaka leo, na kwa sababu ndiye aliyekuwa zamu Julai 1999.

Kila muhula ulipoanza tulipimwa mimba. Wasichana wa siku hizi wakisikia wanashangaa. Kwetu ilikuwa kama kukaguliwa kucha. Darasa kwa darasa tunaitwa chumba cha wagonjwa, tunapanga mstari na kanga kiunoni, unaingia, unalala kwenye kitanda chenye mpira wa kijani, mikono ya baridi inakubonyeza chini ya kitovu, unaambiwa "Amka." Mstarini tulikuwa tunacheka. Nakumbuka vizuri kwamba tulikuwa tunacheka.

Muhula ule wa pili wa kidato cha tatu tulifika Jumapili. Jumatatu usiku, baada ya silensi, chuma kikagongwa mara mbili. "Wa Chini, umelala?"

Nilikuwa macho. Nilikuwa nimechoka na treni, shingo inauma, na nilikuwa na hasira kidogo naye kwa jambo ambalo leo silikumbuki hata nikijilazimisha. Nikanyamaza. Chuma kikagongwa tena. Nikavuta pumzi ndefu kama mtu aliyelala. Juu nikasikia anajigeuza, chaga zikalia, basi.

Jumanne tulipimwa. Yeye alikuwa mbele yangu kwa watu wanne. Aliingia na hakutoka kwa mlango ule tuliokuwa tunatokea sisi. Mchana tulipotoka darasani tranka lake halikuwepo. Godoro lilikuwa limekunjwa, limefungwa kwa kamba ya katani katikati, limesimamishwa juu ya kitanda kama mtu aliyejikunyata. Shuka zake zilikuwa zimewekwa juu ya lile godoro, hazijakunjwa vizuri. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu nilijua yeye asingeziacha vile. Nilipanda nikazikunja upya, pindo kwa pindo. Jioni mlinzi akaja akavichukua.

Usiku ule kwenye sala ya jioni Sista mlezi alituongoza Salamu Malkia, na alipofika "bondeni huku kwenye machozi" sauti ikamkatika. Tulisubiri. Akamalizia kwa kunong'ona. Hakusema lolote juu ya Wa Juu, si siku ile wala nyingine, na sisi hatukuuliza. Mwenye mimba alifungishwa tranka kabla ya saa 8 mchana. Aliyempa mimba hatukuwahi kusikia hata jina lake.

Nimelifikiria sana jambo hili na sitalizungusha: lilikuwa kosa. Najua haikuwa shule yetu peke yake, nchi nzima ndivyo ilivyokuwa, za serikali na za dini. Najua pia walioamua walidhani wanatulinda sisi 63 tuliobaki. Hatukulindwa. Tulichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuondolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana na jioni ugali ukapikwa kama kawaida. Na Sista aliyeweza kuamka usiku kuwapikia uji watoto wa dini nyingine hakupata njia ya kumsindikiza mtoto mmoja mpaka stesheni. Mambo hayo mawili yamekaa ndani ya mtu mmoja na mimi nimeshindwa kuyatenganisha.

Kitanda cha juu hakikupewa mtu mwaka ule. Bila godoro nililala nikiona paa kupitia upenyo wa chaga, na kwa sababu mchana mwanga ulikuwa unapita juu, herufi zilionekana zaidi kuliko zamani. Oktoba 14, 1999, Alhamisi, kengele ililia saa ambayo haina kengele. Tukakimbilia bwalo tukidhani moto. Sista Mkuu alikuwa ameweka redio juu ya meza ya kugawia chakula, na Rais Mkapa akatangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Tabora tulimwona kama wetu kwa namna yake. Alisoma pale sekondari akiwa kijana, na alipotoka Makerere alirudi kufundisha shule ya Mt. Maria ya Mapadre Weupe. Wasichana wakubwa waliangua kilio, walimu pia. Tulisali rozari nzima tukiwa tumesimama. Usiku bweni zima halikulala, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetuambia silensi. Mimi nilinyoosha mkono nikagonga kile chuma kwa ukucha, mara mbili. Nilitaka kumwambia. Alikuwa anajua hotuba za Mwalimu kwa moyo, baba yake alikuwa na redio.

Mtihani wa kidato cha nne nilifaulu hesabu. Sikufaulu sana, nilipata C. Asubuhi ya karatasi ile nililala chali dakika tano baada ya kengele, nikazisoma chaga zote mara ya mwisho, kutoka kichwani mpaka miguuni. C yangu iliandikwa na mtu mwingine kwa bikari.

Juni 2017 Rais Magufuli alisema akiwa mkoani Pwani kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi atakayezaa akarudi shuleni. Nilikuwa napika. Nikazima jiko, nikaenda kukaa uani. Na Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, akatangaza kwamba wanaopata mimba wataruhusiwa kurudi kusoma wakishajifungua. Nililia siku hiyo kuliko ile ya 2017, mpaka binti yangu akaogopa. Nilikuwa napiga hesabu. 1999 mpaka 2021 ni miaka 22. Yeye alikuwa na 16.

Mwaka jana wenzetu walifungua kundi la WhatsApp la waliomaliza 2000. Majina yakaanza kuingia, picha za zamani, nani kafariki, nani yuko Muscat, nani ni Sista sasa. Mmoja wetu aliyeolewa Urambo akasema anamfahamu mtu ambaye hakumaliza nasi lakini ni wetu, amwingize? Kundi likanyamaza kama dakika mbili hivi. Mimi niliandika: Mwingize. Wengine wakafuata, mwingize, mwingize, skrini ikajaa.

Hakuandika kitu kundini. Usiku, saa 5 kasoro, simu yangu ikawaka, namba nisiyoijua:

"Wa Chini umelala?"

Nilitoka nje ili nisiwaamshe watu, nikampigia. Tuliongea saa nzima na zaidi. Ana watoto wanne, wa kwanza ni wa kiume, naye sasa ni baba. Analima tumbaku na karanga, mwaka jana mvua zilichelewa, mzee wake alifariki 2009. Anafuga nyuki, mizinga 11. Sauti imekuwa nzito lakini ile tabia ya kusubiri kidogo kabla ya kujibu iko pale pale. Nilimwambia kwamba usiku ule nilikuwa macho. Akanyamaza. Akasema, "Nilijua. Ukilala kweli ulikuwa unakoroma."

Halafu nikamweleza juu ya chaga, kwamba zilibaki, kwamba nilizisoma mpaka siku ya mwisho. Alikuwa amesahau kabisa. "Niliandika nini?" Nikamtajia Pythagoras, nikamtajia duara. Akawa anacheka. Nikaanza ile ndefu, nimefumba macho, naiona kabisa pale juu ya uso wangu: hasi b, jumlisha au toa kipeuo cha pili cha b mraba toa nne a c.

"Endelea," akasema.

Nikamwambia imeishia hapo.

"Haijaishia. Gawa kwa mbili a. Yote, Wa Chini, kuanzia ile hasi b, usigawe kipeuo peke yake. Si nilikuchorea mstari?"